Mshubiri, Ngamia na Askari Mwenye Kiu

Askari anayeondoka Juba, mji unaonyweshwa na Mto Nile, akaelekea mashariki hadi Kapoeta na kuendelea upande wa mpaka wa Kenya, huiona nchi ikibadilika machoni pake. Majani hupungua, miiba huzidi, na maji huwa ndiyo habari ya kwanza katika kila mazungumzo. Hata hivyo mishubiri hustawi katika nchi kavu kama hizo, minene na yenye utomvu, na ng'ambo ya mpaka Waturkana huchunga ngamia. Mmea na mnyama wote huishinda kiu, lakini si kwa njia moja. Siri ya tofauti hiyo imo ndani ya seli, yaani zile chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu.

Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu, na ndani yake mna mfuko mkubwa wa maji uitwao vakuoli. Mvua ikinyesha, mfuko hujaa ukausukuma ukuta, nao ukuta haukubali kupasuka. Tena mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati wa ubaridi, ukavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba katika mfuko uo huo kwa sura ya asidi. Kukicha hufunga vitundu, kama ghala lenye mlinzi mwaminifu.

Seli ya mnyama haina ukuta. Ina utando mwororo tu. Maji yakiingia kwa wingi, huvimba na kupasuka. Kwa sababu hiyo ngamia ni ajabu kweli kweli. Aweza kupoteza maji yafikayo robo ya uzito wake, kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi. Seli nyekundu za damu yake, zenye umbo la yai, huweza kuvimba zaidi ya mara mbili ya kiasi chake bila kupasuka. (Nundu yake, ambayo wengi hudhani ni pipa la maji, ni mafuta.)

Sisi wenye magwanda hatukujaliwa ukuta wa mshubiri wala damu ya ngamia. Binadamu akipoteza maji yafikayo sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yumo hatarini. Na akiisha kutoka jasho jingi, kisha akagugumia maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damu huzimuliwa, maji huingia katika seli za ubongo, nazo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndiyo maana chupa ya maji hunywewa kidogo kidogo tangu mwanzo wa safari, bila kungojea kiu ikolee, na chumvi ya chakula haikosekani mkobani.