MiFi ina maneno ya siri mawili, siyo moja

Najua wengi mnaonisoma hapa kafe, kule geto mna kale kadude ka kuweka laini, MiFi, na bando mnachanga watu wanne watano. Safi sana. Ila kila wiki naulizwa swali lile lile: GB 10 zimeisha siku mbili, nani kala?

Jibu mara nyingi liko kwenye setingi. Kifaa kinatoka dukani na maneno ya siri mawili. La kwanza ni la kuunganisha Wi-Fi. La pili ni la kufungulia ukurasa wa setingi, na kwenye vifaa vingi, hasa vya zamani, jina ni admin na neno la siri ni admin. Watu wanabadili la kwanza, la pili wanaliacha. Hapo ndipo kasheshe: yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia, akakufungia nje, na vifaa vingi vinamwonyesha hata SMS za laini hiyo. Kama ndiyo laini inayopokea namba za kuthibitisha imeili yako, umekwisha.

Haya, twende kazi.

1. Jiunge na MiFi yako, fungua brauza, andika 192.168.8.1. Ikigoma jaribu 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anwani sahihi imeandikwa kwenye stika, mara nyingi chini ya betri.

2. Anza na neno la admin. Hilo usimpe mtu.

3. Badili jina la mtandao. La kiwandani linamtangazia mpita njia ni kifaa gani.

4. Kwenye usalama chagua WPA2, au WPA3 kama ipo. WEP achana nayo, udhaifu wake ulianikwa tangu 2001. Neno la siri ni herufi 8 mpaka 63, kwa hiyo unganisha maneno manne yasiyohusiana. Namba yako ya simu siyo siri, mtaa mzima wanayo! Ukihifadhi itakukata, usishtuke, jiunge upya.

5. Zima WPS. Mwaka 2011 ilianikwa kwamba namba yake ya tarakimu 8 inapatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya saa kadhaa tu.

6. Weka kikomo cha watumiaji. Mko watano? Andika 5.

Kuna wanaoficha jina la mtandao wakidhani wamemaliza. Wapi! Programu za bure zinaliona.

Na kama umesahau neno la admin, bonyeza kitufe cha Reset kwa sindano mpaka kizime na kuwaka, kitarudi kama kilivyotoka dukani. Ndiyo maana usikiache ovyo mezani, maana hata mwingine anaweza kukibonyeza.

La mwisho: mwenzenu akihama, badilini neno la Wi-Fi siku hiyo hiyo, simu yake bado inalikumbuka. Siyo chuki. Hata kitasa hubadilishwa mpangaji akiondoka.

Aliyekwama atupie swali hapo chini, ataje na aina ya kifaa. Tuko pamoja.