Jicho laona kesho, mishipa yachelewa miaka

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa macho kwa leza ili aache miwani huweza kusoma vibao vya barabarani siku ya pili yake. Hata hivyo, msikilizaji, jicho hilo linaloona vyema huwa limepoteza kitu kingine: sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhisi.

Konea, utando angavu ulio mbele ya jicho, ina unene wa karibu nusu milimita. Haina mishipa ya damu, lakini imesheheni mishipa ya fahamu. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga hutosha kumtoa mtu machozi. Mishipa hiyo ndiyo inayozitaka kope zipepese na tezi zitoe machozi.

Katika upasuaji uitwao LASIK, konea hukatwa mfano wa kifuniko, kikafunuliwa, leza ikachonga tabaka la chini, kisha kikarudishwa. Kifuniko hushika upesi, lakini mishipa iliyokatwa hulazimika kuchipua upya, polepole mno.

Uchunguzi wa Mayo Clinic ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba baada ya LASIK mishipa hiyo ilichukua miaka 5 kuukaribia wingi wake wa awali. Kwa waliofanyiwa PRK, upasuaji usio na kifuniko, ilichukua miaka 2.

Hisia zenyewe kwa kawaida hurejea mapema zaidi, aghalabu ndani ya mwaka mmoja. Katika muda huo machozi hupungua na jicho hukauka, hasa penye vumbi au kiyoyozi. Hatari nyingine ni kwamba jicho lililokufa ganzi laweza kupata kidonda bila mwenyewe kutambua.

Je, mishipa yaweza kuhimizwa? Mwaka 1986 Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua protini zinazochochea ukuaji, ikiwemo ile ya mishipa ya fahamu. Matone ya macho yenye protini hiyo yaliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018, lakini kwa wenye vidonda vya konea vitokanavyo na kudhoofika kwa mishipa, si kwa kila jicho kavu.

Kwa hiyo anayekusudia upasuaji huu na aanze kwa kumwuliza daktari iwapo macho yake tayari ni makavu. Na akishapasuliwa, asiache kurudi kupimwa kwa sababu tu haumwi. Kutoumwa si ushahidi wa kupona.