Takwimu za Sensa na Kaya Zinapatikana Bila Malipo

Mkazi anayesimama katika kikao cha kujadili bajeti na kusema "sisi hatuna maji" husikilizwa. Anayesema ni kaya ngapi katika kaunti ndogo yake huteka maji mtoni ni vigumu kumpuuza. Takwimu za aina hiyo zipo, ni mali ya umma, na hakuna haja ya kumlipa mtu yeyote ili kuzipata.

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Ripoti za sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, zinapakuliwa hapo bure. Juzuu ya kwanza inaonyesha idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo, ya pili inashuka hadi maeneo madogo ya utawala, ya tatu inagawa watu kwa umri na jinsia, na ya nne inaeleza hali ya maisha: elimu, kazi, makao, maji, vyoo na nishati ya kupikia.

Kwa wengi, majedwali hayo yanatosha. Mwanafunzi wa chuo kikuu au mtafiti anayetaka kuchanganua majibu ya kaya moja moja atahitaji data ghafi. KNBS ina hifadhi ya data hizo mtandaoni. Anayezitaka hujisajili, akaeleza utafiti wake na kukubali masharti ya matumizi.

Anayelinganisha Kenya na nchi nyingine ana milango zaidi. IPUMS International, ya Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, inahifadhi sampuli za sensa za mataifa mengi, zikiwemo za Kenya tangu 1969. UNICEF inatoa data za utafiti wa MICS kuhusu watoto na wanawake. Bungoma, Kakamega na Turkana zilifanyiwa utafiti huo mwaka wa 2013 na 2014. Maktaba ya data ya Benki ya Dunia inakusanya tafiti za mapato, matumizi na kilimo, zikiwemo za Tanzania na Uganda.

Utafiti wa Demografia na Afya (DHS) ulioanza 1984 umefanyika katika nchi zaidi ya 90. Ule wa Kenya wa 2022 uliandaliwa ili kutoa makadirio kwa kila mojawapo ya kaunti 47. Mwaka wa 2025 mradi huo wa kimataifa ulitikisika baada ya Marekani kukata ufadhili. Kwa hivyo ni busara kupakua mapema ripoti na data unazozihitaji na kuzitunza vyema.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, sensa huhesabu kila mtu, ilhali utafiti wa kaya huhoji kaya chache zilizoteuliwa. Asilimia ya DHS ya kaunti nzima haiwezi kutumiwa kueleza hali ya wadi au kijiji kimoja. Atakayefanya hivyo ataangushwa na swali la kwanza kikaoni. Pili, data ghafi za utafiti huja na uzani, yaani kipimo kinachosawazisha kaya zilizohojiwa zilingane na idadi halisi ya watu. Ukiuacha, matokeo hupotoka. Tatu, soma hojaji kabla ya kutumia jibu, kwani maana ya "maji salama" hutegemea jinsi swali lilivyoulizwa.

Wakazi waliohojiwa nao wasiwe na hofu. Majina huondolewa kabla ya data kutolewa, na katika DHS alama za mahali husogezwa makusudi, hadi kilomita 2 mijini na kwa kawaida hadi 5 mashambani, ili nyumba ya mtu isitambulike.

Asiye na kompyuta anaweza kufungua ripoti hizo kwa simu yenye intaneti. Andika jedwali, ukurasa na mwaka wa takwimu unayoitaja, ili anayeipinga aweze kuikagua mwenyewe.