Mlinzi Asiyetafuta Magoli

Watoto wetu wanaopenda michezo huwajua wafungaji kwa majina, bali walinzi hawatajwi sana. Ndiyo maana mwezi huu tumependa kuwaletea akina mama habari za Gedeón Guardiola, Mhispania aliyejipatia sifa katika mpira wa mikono kwa kazi ya kuzuia. Sasa amestaafu.

Gedeón alizaliwa mwaka 1984 katika mji wa Petrer, yeye na pacha wake Isaías. Majina hayo twayafahamu sote: ni Gideoni na Isaya. Mapacha hao wote wawili wakawa wachezaji wa mchezo huo.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, kila upande huwa na watu 7 pamoja na golikipa, na huchezwa dakika 60. Mchezaji aweza kuingia na kutoka bila kumwomba mwamuzi ruhusa. Hivyo timu ikipoteza mpira, mlinzi kama Gedeón, mwenye urefu wa karibu mita 2, hukimbilia ndani na kusimama katikati ya ukuta. Mpira ukipatikana, mara nyingi hurudi benchi ili wenzake wakafunge. Akimshika mpinzani vibaya hutolewa nje dakika 2, na ikifika mara ya 3 harudi tena. Kazi hii yataka nguvu, lakini zaidi yataka mtu anayeweza kutawala hasira yake.

Mwaka 2012 alijiunga na Rhein-Neckar Löwen ya Ujerumani, akadumu nayo miaka 8. Mwaka 2013 alikuwamo Hispania ilipotwaa ubingwa wa dunia mjini Barcelona kwa kuifunga Denmark 35-19. Lakini mwaka 2014 timu yake ya Ujerumani ililingana pointi na Kiel, ikakosa ubingwa kwa tofauti ya magoli 2 tu. Hebu fikiri, magoli 2 katika msimu mzima! Hawakukata tamaa. Mwaka 2016 walitwaa ubingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza, na mwaka 2017 wakautwaa tena. Akiwa na Hispania alipata ubingwa wa Ulaya mwaka 2018 na 2020, kisha medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Magoli yale 2 yatufundisha kwamba goli lililozuiwa lina thamani sawa na lililofungwa. Sisi wauguzi twaijua kazi ya namna hii. Mtoto akipata chanjo zake zote, surua haimpati, wala hakuna anayepiga makofi kwa sababu hakuna kilichotokea. Ndivyo ilivyo pia kwa mama achemshaye maji ya kunywa kila siku.

Basi, mama mpendwa, mwanao akirudi kutoka uwanjani usimwulize tu amefunga mangapi. Mwulize pia amezuia mangapi, kisha umsikilize akueleze.