Njia ya Bondeni Ilivyoigeuza Nchi ya Usambara

Vijana wa Gare wasikiapo sifa za Vuga, mji wa Simba Mwene, huuliza: Je, ufalme ule uliangushwa na nini? Jibu halimo mlimani. Limo bondeni, kando ya mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani. Huko ndiko ilikopita misafara ya pembe.

Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, akipokea kodi ya milima yote. Alipofariki mwaka 1862, alirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amejenga Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Kwa biashara hiyo alipata bunduki na baruti, akamfukuza Shekulwavu Vuga, akamweka mwanawe. Nchi ikaingia katika vita, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa utumwani.

Kisha wakaja Wadachi. Hao nao walijua kwamba ashikaye njia ndiye mwenye nchi. Mwaka 1893 walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ikafika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo Mputa, mtawala wa Vuga, akanyongwa. Kinyashi akawekwa mahali pake, lakini amri ilikuwa imekwisha kuhamia kwa Bwana Mkubwa wa Lushoto, uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal.

Reli ilileta mashamba makubwa, na mashamba yalitaka watu. Basi mwaka 1907 kila mwanamume wa wilaya ile alipewa kipande, naye akalazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliowekwa. Asiyetimiza alipelekwa kazi za serikali. Siku 30 hizo, zikihesabiwa kwa mwaka, ni siku 90: nazo si siku za bure, bali ni za kulima, kupanda na kupalilia. Hivyo hata mtu wa Gare, akaaye juu mbali na reli, shamba lake liliguswa na mambo ya bondeni.

Inafaa walimu wawaulize wazee waliyoyasikia kwa babu zao juu ya kipande, wayaandike. Habari za wafalme zimehifadhiwa. Za wakulima hupotea upesi.