Kanisa Ndani ya Kanisa

Mjini Boston, katika nchi ya Marekani, limesimama kanisa la mawe magumu ya kijivu, lenye mnara mfupi usio na ncha. Jina lake ni King's Chapel, yaani Kanisa la Mfalme. Ncha ndefu ilikusudiwa, lakini fedha zilikwisha.

Waanglikana walipotafuta kiwanja huko, wenyeji Wapuritani walikataa kuwauzia. Ndipo mtawala akatwaa pembe ya makaburi ya mji, na mwaka 1688 likasimamishwa kanisa dogo la mbao.

Mwaka 1749 likaanza kujengwa la mawe, kwa mchoro wa Peter Harrison. Lile la mbao halikubomolewa. Kuta mpya zilipandishwa kulizunguka, na waamini wakaendelea kusali ndani, kelele za waashi zikiwa nje. (Walimu waliopata kungoja kanisa la matofali huku wakisalisha watu chini ya mwembe wataisifu akili hiyo!) Kazi ilipomalizika mwaka 1754, kanisa la kale lilifunguliwa ubao kwa ubao, likatolewa kupitia madirishani. Mimbari yake ya mwaka 1717 ilibaki, nayo hutumika hata leo. Ndani, nguzo zimesimama mbili mbili, vichwa vyake vimechongwa kama majani. Zile za barazani zaonekana kuwa za mawe. Kumbe ni mbao zilizopakwa rangi.

Lakini badiliko kubwa halikugusa hata jiwe moja. Vita ya uhuru ilipowaka, kasisi na wafuasi wengi wa mfalme waliondoka kwa meli mwaka 1776. Waliobaki walimwita kijana James Freeman awasomee sala. Huyu akaanza kuona shaka juu ya Utatu Mtakatifu, naye hakuficha. Mwaka 1785 waamini walipiga kura, wakaondoa katika kitabu chao cha sala maneno yanayoungama Nafsi tatu. Maaskofu wa Kianglikana hawakumpa Freeman daraja. Basi mwaka 1787 waamini wenyewe wakamweka kuwa mchungaji wao. Hivyo wakawa Waunitaria, wanaomkiri Mungu mmoja na kukana Utatu.

Sisi tunaofungua kila sala kwa ishara ya msalaba twapima wenyewe uzito wa maneno yaliyofutwa. Hata hivyo hawakutupa yote: utaratibu wa ibada yao wafuata bado ule wa Kianglikana, na kengele iliyotoka kiwandani kwa Paul Revere mwaka 1816 ingali ikiwaita.