Dawa imemezwa, mbona jicho bado linaharibika?

Swali hili tumelisikia barazani zaidi ya mara moja baada ya swala ya Alasiri: ikiwa kijiji kizima kilikwisha kumeza dawa ya vikope, mbona wapo wazee, hasa bibi zetu, ambao macho yao yanazidi kuharibika mwaka hadi mwaka? Wapo wanaokata shauri kuwa dawa ile ni bure, na wakiambiwa itagawiwa tena huwazuia watoto wao. Sisi tunaona hukumu hiyo ni ya haraka, tena ni ya hatari. Jibu la swali lipo, ila limejificha mahali padogo mno, ndani ya utando laini ulio nyuma ya kope.

Ugonjwa wa vikope, ambao matabibu huuita trakoma, si mgeni katika mikoa hii mikavu ya kati. Huletwa na bakteria wa jamii ya klamidia. Hupita kwenye vidole, kwenye kanga ya mama ifutayo nyuso za watoto watatu kwa zamu, na kwenye miguu ya nzi watuao juu ya tongo na kamasi. Hayo wengi wetu tunayajua. Tusilolijua sana ni kwamba bakteria huyo peke yake si ndiye alipofushaye. Kovu linalopofusha hutengenezwa, kwa sehemu kubwa, na mwili wenyewe.

Ndugu msomaji, seli za mwili hazina ulimi, lakini husemezana. Ikivamiwa, seli hutoa protini ndogo ndogo zinazosafiri hadi kwa seli nyingine na kunasa kwenye vipokezi vyake, mfano wa ufunguo katika kufuli. Protini hizo huitwa saitokini. Mojawapo ya zilizotambuliwa mwanzo ni interferoni, iliyoelezwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London. Baadaye zilijulikana nyingi, na kundi kubwa miongoni mwake likaitwa intalukini, kwa maana ya wajumbe baina ya chembe nyeupe za damu.

Klamidia akiingia katika utando wa jicho, seli za utando huo ndizo zinazopiga yowe la kwanza. Humwaga intalukini, na chembe nyeupe zikakimbilia hapo kwa wingi. Ndipo jicho huvimba na kuwa jekundu. Kisha huja interferoni ya aina ya gama, na kazi yake inastaajabisha. Haimpigi bakteria, bali humnyima chakula. Huiamuru seli iliyovamiwa kuivunjavunja triptofani, ambayo ni mojawapo ya malighafi za kujengea protini. Klamidia wa machoni amepoteza uwezo wa kujitengenezea triptofani, hivyo akikosa ya kuiba hudumaa. Subhanallah, kinga yetu inajua kuzingira ngome na kufunga njia za chakula!

Taabu huanza mzingiro unaporudiwa mara nyingi. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena, na kila mara yowe hupigwa upya. Chembe nyeupe zilizoitwa huja na vimeng'enya vinavyokata nyuzi za nyama ili zipate kupita, na mwili hulazimika kushona upya palipokatwa. Mshono juu ya mshono huzaa kovu. Kovu likikaza, huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na kope zikaanza kulikwaruza jicho kila mtu apepesapo. Bibi anayezing'oa kope kwa kibano kila wiki anautibu mkwaruzo wa leo tu. Kope huota tena zikiwa fupi na ngumu.

Jambo hili halikukisiwa mbali na kwetu. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi, pamoja na wenzao wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, waliwafuatilia kwa miaka minne watoto wa miaka 6 hadi 10 katika vijiji vya jamii ya Kimaasai kaskazini mwa nchi. Kila baada ya miezi mitatu waligeuza kope, wakatazama na kuchukua sampuli. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa kovu liliongezeka kwa karibu robo ya watoto waliopimwa mara za kutosha. Walioharibika zaidi walikuwa wale ambao uvimbe wa utando wao ulionekana tena na tena, na ndani ya sampuli zao kulikuwa na dalili za saitokini za kuchochea uvimbe, mojawapo ikiwa intalukini ya 23. Tafiti za watu wazima katika ukanda huo huo zimeonyesha kovu likisonga mbele hata pale ambapo bakteria haonekani tena, au huonekana kwa nadra.

Basi hapo ndipo jibu la barazani lilipo. Azithromaisini humuua bakteria, wala haifuti kovu, na haiyanyamazishi mayowe yaliyokwisha kuzoeleka katika jicho la mtu mzima. Bibi hakudanganywa na dawa. Dawa ilimfikia baada ya miaka arobaini ya maambukizo. Wa kunufaika nayo zaidi ni mjukuu anayezuiwa kuimeza. Wanawake huumia kuliko wanaume, na sababu kubwa ni kwamba wao ndio wanaolala na watoto, kuwabeba na kuwafuta. Hili akina baba tulitafakari.

Jirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, wametoa ushahidi mwingine. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji sita vya huko. Vyote vilipewa dawa, lakini vitatu viliongezewa kampeni ya kuosha nyuso. Walichaguliwa watoto 1,417 na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja, na pale palipooshwa nyuso trakoma kali ilipungua zaidi. Watafiti wa huko walikuta pia kwamba akina mama walidhani kuosha uso kunamaliza maji mengi, mpaka walipoonyeshwa kwa vitendo kuwa lita moja yawatosha watoto wengi. Sisi tunaosoma kwamba Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita, hatukupaswa kushangazwa na hilo.

Wakati wa kiangazi, maji ya msikiti wetu hapa Ilongero yanapoletwa kwa madumu, watoto wa madrasa huambiwa watayamamu, na sheria imeruhusu palipo na uhaba. Lakini tayamamu huruhusu swala, haiondoi tongo. Baada ya majadiliano marefu, ambamo baadhi ya wajumbe walitaka fedha ziende kwenye rangi ya ukuta, kamati yetu imekubali vitundikwe vibuyu chirizi vinne kando ya darasa, na taulo moja la watoto wote liondolewe kabisa. Mtoto ajifute kwa mkono wake aliokwisha kuuosha, au aache uso ukauke wenyewe.

Kwa bibi ambaye kope zake zimekwisha kugeuka, njia iliyopo ni upasuaji mdogo wa kuurudisha ukingo wa kope nje. Hufanywa kwa ganzi ya mahali pale pale, mgonjwa akiwa macho, na aghalabu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kope zaweza kugeuka tena baada ya miaka, kwa hiyo arudi kuchunguzwa. Hofu iliyopo ni ya kisu, na hofu hiyo huzungumzika. Mwenye mzazi wa namna hiyo aanze kwa kumuuliza mganga wa zahanati ni lini wapasuaji wa kope watapita, na siku hiyo afuatane naye mwenyewe, asimwachie mtoto mdogo kumshika fimbo.